Simu Niliyoijibu

Kwenye faili langu la hospitali, ukurasa wa tatu, kuna mstari ulioandikwa kwa kalamu ya bluu: Amepigiwa simu mara mbili, hakujibu. Naanza na mstari huo kwa sababu ni uongo, na kwa sababu ulikaribia kuniua.

Nilijibu. Mara zote mbili nilijibu.

Naitwa Mukandayisenga, jina la bibi yangu mzaa mama. Nina miaka kumi na sita, nasoma mwaka wa tatu wa sekondari hapa Gisenyi, na mimi ni mtu wa haya. Nayasema mapema usije ukadhani ni msichana wa maneno mengi anayetafuta wa kugombana naye. Darasani nakaa pembeni, karibu na dirisha. Nikimsindikiza mama kanisani naimba kwa midomo tu. Mambo yangu huwa nayaandika kwenye daftari, na hii ni mara ya kwanza kuyaandika ili mtu mwingine asome.

Msomaji wangu ni wewe uliyekaa kwenye benchi la wagonjwa wa koo, leso mkononi, sauti imeondoka na hujui kama itarudi. Nilimwona msichana kama wewe siku ya operesheni yangu ya nne. Mama yake alikuwa akimjibia kila kitu, hata jina. Nilitaka kumwambia jambo, haya ikanishika, nikaangalia viatu vyangu. Basi namwambia hapa.

Ilianza wakati wa itumba, zile mvua ndefu za kuanzia Machi, ambapo mji mzima una mafua na ziwa linageuka rangi ya chai ya maziwa. Sauti yangu ilikwaruza. Nani atajali? Mama alinichemshia tangawizi. Wiki ya tatu akanipeleka kwenye chumba chao cha maombi, wakaniwekea mikono kichwani. Baba ni Mwislamu, naye hakutaka kubaki nyuma. Akaniletea chupa ya maji yaliyosomewa dua. Nilipokea maombi, nikanywa na maji, na nawashukuru wote wawili, ila sauti haikumsikiliza yeyote kati yao.

Mwisho wa mvua nilikuwa naongea kama wale vijana wa stendi wanaoita abiria wa Kigali toka alfajiri. Darasani wakanipa jina lao: Konvayeri, yaani utingo. "Konvayeri, bado nafasi ngapi?" Nilicheka nao, kwa sababu mtu wa haya hucheka anapochekwa. Kisha hata huo ukwaruzo ukaisha, ikabaki pumzi. Nafungua mdomo, natamka, unatoka upepo. Mwalimu wetu mmoja aliita majina kila asubuhi bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu. Usipoitika kwa sauti, unaandikwa hayupo. Aliniandika hayupo siku nne, nami nimekaa mbele yake, mkono juu. Siku ya tano wenzangu wakamwambia yupo. Akasema, basi aseme mwenyewe.

Hasira yangu ilianzia hapo. Nilikuwa sijui kwamba ninayo.

Halafu mlima. Nyumba yetu iko juu, njia ya mawe na ngazi, na kila mtoto wa mtaa wetu huipanda akikimbia. Mimi nikaanza kusimama mara moja, kisha mara mbili, kisha mara tatu. Nikivuta pumzi kooni kunalia filimbi. Watu waligeuka kuangalia ni mtoto gani anapuliza filimbi.

Kutoka kituo cha afya tulipewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na hapo barua nyingine ya kwenda Kigali. Ukitoka kwetu unapita Kanama na kona zake, na mimi natapika kwenye kona hata nikiwa mzima, kwa hiyo sitaielezea safari. Benchi la kungojea nitalielezea. Ni la mbao, limepakwa rangi ya kijani iliyobanduka katikati, pale watu wanapokaa. Kila anayeketi anaendelea kuibandua kwa ukucha bila kujua. Tulikaa toka asubuhi mpaka saa tisa. Ukiitwa unatakiwa uitike. Nilikuwa na hofu moja tu: wakiniita, nani ataitika?

Aliitika mama. Na toka siku hiyo mama akawa sauti yangu, na hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Sisemi hivi kumvunjia heshima. Mama alikesha nami, alibeba begi langu, alininunulia ndizi za kuchoma akidai yeye hana njaa. Lakini kwetu, mkubwa akikuuliza hali, unajibu ni nzuri. Hata nyumba ikiwa inaungua unasema, tunashukuru, pole pole itazimika. Sasa weka desturi hiyo mbele ya daktari. Aliuliza, "Anapumua vizuri?" Mama akainamisha kichwa, akasema, "Pole pole, Mungu anasaidia." Nilivuta mkono wa nguo yake. Akanipapasa mkono kama unavyotuliza mbuzi. Nikaandika kwenye karatasi: Ngazi ishirini nasimama mara tatu. Nikampa daktari. Akaisoma, kisha akamtazama mama na kumuuliza yeye: "Ni kweli?"

Karatasi nimeiandika mimi. Mapafu ni yangu. Anaulizwa mama.

Walichokikuta kooni sitakifafanua, watakueleza wenyewe na hutaelewa, kama nisivyoelewa mimi. Ni vinyama vidogo vinavyoota kwenye nyuzi za sauti. Vinakatwa, vinaota tena, vinakatwa. Kuna siku vinachoka. Daktari alisema watavikata kwa kupitia mdomoni, hakutakuwa na kovu. Nilifurahi. Sikujua kwamba kwa majirani ugonjwa usio na kovu si ugonjwa. "Walipasua wapi?" waliniuliza huku wakinigeuza shingo. "Mbona hakuna kitu?"

Operesheni ya kwanza ilikuwa kiangazi, Julai, vumbi limejaa kwenye majani ya migomba. Nilizinduka na ladha ya chuma mdomoni na ulimi umevimba. Amri ilikuwa siku kumi na nne bila kutoa sauti, hata kunong'ona. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi, alisema muuguzi, na hilo ulishike na wewe, maana kila mtu atakuambia "basi ninong'oneze tu."

Siku hizo nilijifunza watu. Wageni walikuja na kunipigia kelele, kana kwamba ugonjwa umeingia masikioni. "UNAENDELEAJE?" Wengine waliongea juu yangu mbele yangu, nimepungua, shingo imekuwa kama ya kuku, sketi inafungwa kwa pini. Na mmoja, mama wa kwaya, akasema maneno ambayo watu wote walicheka: "Afadhali yeye, hata zamani alikuwa hasemi."

Niliyaandika kwenye daftari siku ile ile, na hapa nayajibu. Mtu wa haya ana maneno. Anayo mengi. Anachagua lini ayatoe na ampe nani, na huo uchaguzi ni mali yake. Ugonjwa ulininyang'anya uchaguzi, na ninyi mkaona hakuna kilichopotea.

Aliyenielewa ni baba. Baba ni fundi wa kujenga, wakati huo alikuwa na kazi Rugerero, anarudi jioni na saruji kwenye nyusi. Hakuuliza kitu. Aliweka kati yetu ubao wa igisoro, bao la kwetu, akagawa kete, tukacheza. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba na yeye ameacha kusema. Akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Mama alilalamika kwamba nyumba imekuwa kaburi, baba akatikisa mabega, akanila kete sita. Kwa jioni zile, na maziwa ya mgando aliyokuwa ananiletea yakiwa baridi, ndivyo nilivyofika siku ya kumi na nne.

Sauti ilirudi, nyembamba, nusu. Kufika Oktoba, mvua za vuli zimeanza, ilikuwa imekwenda tena na filimbi imerudi. Tulijua itakuwa hivyo. Hospitali ilisema: rudini nyumbani, nafasi ikipatikana tutawapigia simu.

Tutawapigia simu. Walikuwa wanamwambia mtu asiye na sauti.

Namba waliyoandika ilikuwa ya mama. Ile Jumanne mama alikwenda Kanama kuchukua maharage kwa dada yake, simu akaiacha ukutani kwenye chaji. Sikuwa shuleni, mlima ulikuwa umenishinda wiki hiyo. Saa nne hivi simu ikalia, namba fupi ya ofisi. Niliichomoa.

Nikasema alo. Ulitoka upepo.

Mwanamke akasema, "Alo? Alo? Ni kwa Mukandayisenga?"

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo mara tatu. Nikagonga simu kwa ukucha. Nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu yake, "Watu hawa wanapokea simu halafu wanakaa kimya." Akakata.

Nilitoka nje kumkimbilia jirani. Hatua thelathini tu, lakini za kupanda. Nikiwa katikati simu ikalia tena mkononi mwangu. Nikapokea huku nimeinama, koo linalia filimbi, navuta hewa kama ninayekunywa kwa mrija uliobanwa. Aliisikia. Pumzi yangu aliisikia vizuri kabisa.

"Acha mchezo," akasema. "Hii ni simu ya hospitali."

Jirani alipoipiga ile namba iliita mpaka ikachoka. Mama aliporudi, nikamwandikia yote, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Si ungegonga sufuria? Si ungefanya hata kelele gani?" Nikachukua daftari nikaandika NILIJIBU, ukurasa mzima, nikauchana nikaurusha miguuni kwake. Sijawahi kumrushia mama yangu kitu. Aliuokota, akaunyoosha kwa kiganja, akaanza kulia, na mimi nikakaa bila kumwomba radhi. Tulikaa hivyo siku mbili, tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Asubuhi ya pili mama alipiga, akampata yule mwanamke, karani wa hospitali. Nafasi ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, orodha ijayo ni baada ya wiki tano. Mama akasema asante. Akasema asante mara tatu, akaweka simu chini taratibu, kama kitu cha kupasuka.

Wiki tano sikuzimaliza. Nililala nimekaa. Niliacha ugali kwa sababu kumeza na kuvuta hewa vilikuwa vinagombania njia moja. Mdogo wangu alikuwa akikaa karibu yangu na kuhesabu filimbi zangu kwa vidole. Wiki ya nne, mchana, nilikuwa nateremka kwenda bombani, ona, nilikuwa nateremka, wala si kupanda, na hewa ikakataa. Nakumbuka jiwe jeupe. Nakumbuka dereva wa moto, pikipiki ya kukodi, akinifunga kiunoni kwake kwa kanga ya mama, mama nyuma yangu, tukaingia hospitali ya wilaya watatu juu ya pikipiki moja. Kutoka pale ambulensi mpaka Kigali. Walinikata vile vinyama jioni ile ile.

Asubuhi yake muuguzi akafungua faili langu miguuni pa kitanda. Akamwambia mama, "Mliitwa mwezi uliopita. Mbona hamkujibu? Mtoto karibu afe." Akageuza ukurasa kumwonyesha, nami nikausoma kwa upande, na bomba la hewa puani: Amepigiwa simu mara mbili, hakujibu.

Na mama yangu akainama. Akasema, "Mtusamehe. Ni kosa letu."

Nimeugua mwaka mzima. Nimetapika damu, nimevimba ulimi, nimelala kwenye benchi. Hakuna kilichoniuma kama hayo maneno matatu, ni kosa letu. Nilitaka kupiga ukelele, na nilikuwa kwenye siku ya kwanza kati ya kumi na nne za kunyamaza.

Aliyenitoa humo ni Shangazi Zawadi, dada mkubwa wa baba. Alizaliwa Goma, ameolewa Goma, na kila siku anavuka bariyeri ndogo, kizuizi cha mpakani, kuja kwetu kununua mboga na kurudi nazo. Alipokuja kunitazama, Januari, siku za kunyamaza zimekwisha na sauti imerudi ile nusu yake, mama alikuwa akinijibia hata ninavyotaka chai yangu. Shangazi akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Bon. Kesho huyu anakuja na mimi kwa bariyeri."

Pale karibu na bariyeri kuna uwanja ambapo magunia hupangwa kabla ya kuvuka. Yanabebwa na zile baiskeli kubwa za magurudumu matatu za walemavu, gunia juu ya gunia, ya watu ishirini tofauti, kwa hiyo kila gunia lazima liandikwe jina la mwenye mali, la sivyo upande wa pili kitunguu chako kinakuwa cha mwingine. Mwandishi ni mzee mmoja, Papa Rama, ana kopo la wino mweusi na kijiti chenye pamba. Masikio yake yamechoka. Kelele za pale hata mwenye masikio mapya hasikii: honi, kuku, watu wanaitana kwa lugha tatu.

Na lugha tatu ndiyo taabu yenyewe. Wakubwa walisoma herufi kwa Kifaransa, sisi tunasoma kwa Kiingereza, na nyumbani ni Kinyarwanda. Ukimtajia mtu herufi moja tupu, haijulikani umeitaja kwa shule ipi. Basi watu wa magunia wana njia yao. Hawataji herufi peke yake, wanaitaja na bidhaa. Shangazi alisimama mbele ya Papa Rama na kutoa jina lake kama anayesoma shehena: Z ya zabibu, A ya avoka, W ya wali. Baada ya kila moja Papa Rama anaandika, anainua kijiti, anasema, "Iko." Hapo ndipo inapofuata nyingine.

"Sasa we, mama," Shangazi akaniambia. Huniita mama toka nikiwa mdogo. "Patia Papa Rama jina yako, iandikwe kwa gunia hii."

Jina langu lina herufi kumi na nne. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, watu wamesimama na magunia yao wanangoja. Nikaanza haraka ili niishe haraka. Papa Rama akaweka mkono nyuma ya sikio. Nikarudia. Mwenye gunia la karoti nyuma yangu akasema mtoto huyu anaongea na malaika. Watu wakacheka. Nikageuka niondoke, Shangazi akanishika bega.

"Unakimbia wapi? Hakuna mutu anakufukuza," akasema. "Sikia. Kwanza vuta pumuzi. Halafu moja tu. Angalia mukono yake. Kama kijiti iko chini, we nyamaza. Kama iko juu na amesema iko, unapatia ingine. Na kama pumuzi inataka kuisha, unasema subiri mbele iishe. Ikishaisha, hautakuwa na ya kusema subiri."

Shika hilo, wewe wa kwenye benchi. Katika yote niliyoambiwa mwaka ule na watu wa makoti meupe, hakuna lililonisaidia zaidi. Subiri inasemwa ukiwa bado na hewa.

Nikaanza upya. M ya mahindi. Kijiti kikashuka, kikapanda. "Iko." U ya unga. "Iko." Niligundua kitu: herufi tupu kwenye koo langu ilikuwa upepo, lakini mahindi yana umbo, hata yakikwaruza mtu anajua ni mahindi. K ya karoti. A ya avoka. N ya ndizi. Hapo nikasema subiri, nikavuta pumzi, na ajabu, uwanja ulisubiri. D ya dengu. Avoka tena. Y ya yai. I ya ibirayi, ndivyo tunavyoviita viazi. S ya sambaza, dagaa wa ziwa letu. E ya embe. Subiri. Ndizi. G ya gunia. Avoka.

"Iko yote," Papa Rama akasema, akasoma kwa kidole jina langu lote, jeusi, linang'aa, juu ya gunia la kabichi za Shangazi. Yule wa karoti akasema ni jina refu kuliko mali. Nikacheka, na mara hii nilicheka kwa sababu ilichekesha.

Njiani nilimlalamikia Shangazi kuhusu yule karani. Alisema yule mama si mubaya, hakukuona tu. Kwa simu mutu hana uso, unapashwa umupatie kitu ya kushika. Sikukubali na bado sikubali kabisa. Aliyesikia pumzi yangu akaiita mchezo alikuwa na kitu cha kushika. Lakini niliendelea kwenda uwanjani kila Jumamosi mpaka mwisho wa Februari, nikataja majina ya magunia ya watu wengine, na nyumbani nilijizoeza nikiosha vyombo. Mama alikuwa anasikia.

Itumba ikarudi, mwaka umezunguka. Sauti ikaanza kukonda tena, tukajua operesheni ya tatu inakuja. Simu ililia asubuhi moja tukiwa wote jikoni, mvua inapiga bati. Ile namba fupi. Mama alinyoosha mkono. Niliiwahi, nikamgeuzia mgongo, nikaweka sauti ya simu juu.

"Alo?" Alikuwa yule yule. Ningemtambua katikati ya soko.

"Alo," nikasema. "Mimi ni mgonjwa. Sauti yangu ni ndogo. Chukua kalamu."

"Sisikii. Mpe mtu mzima simu."

"Subiri. Andika jina. M ya mahindi."

"M ya nini?"

"Mahindi."

Mvua, bati, moyo wangu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mahindi. Haya."

"U ya unga."

"Unga."

Kwenye dengu nilisikia mtu ofisini kwake akicheka, akimuuliza kama anaandikiwa orodha ya sokoni. Na yule karani akamwambia, "Nyamaza, namsikiliza." Kwenye ibirayi hewa ilinipungukia, nikasema subiri. Hakukata. Nilisimama na kiganja mezani, nikavuta mara nne, filimbi ikalia, naye akaisikia tena, na safari hii akaingoja iishe.

Avoka ya mwisho ilipotoka alisoma jina lote bila kukosea. Alhamisi, akasema, saa moja asubuhi, nisiwe nimekula. Nikamrudishia: Alhamisi, saa moja, bila kula. Akasema vizuri. Nilijua anataka kuaga.

"Subiri," nikasema. "Fungua faili. Ukurasa wa tatu."

Mama akanishika kiwiko. "Acha, mwanangu," akaninong'oneza. "Watatukasirikia. Nafasi tumepata, acha."

Karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Nimefungua," karani akasema.

"Pameandikwa sikujibu."

"Ndiyo."

"Nilijibu. Mara mbili. Ulisikia pumzi yangu. Ukasema ni mchezo."

Nikatazama simu nione kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Unataka nifanye nini?" akauliza, taratibu. "Faili halifutwi."

"Usifute. Andika chini yake. Kwamba Mukandayisenga alijibu."

Nilidhani atanipa mkubwa wake. Nilidhani nafasi ya Alhamisi imekwenda. Mama naye alidhani hivyo, nilihisi vidole vyake kwenye kiwiko changu vikibana. Kisha ukasikika mkwaruzo mdogo wa kalamu kwenye karatasi, na vidole vikalegea.

"Nimeandika."

"Nisomee," nikasema. "Herufi moja moja."

Akapumua. Na nikahisi kitu kikiwekwa kwenye mkono wangu ulio mtupu. Ilikuwa kalamu. Mama alikuwa amefungua daftari langu mezani, kwenye ukurasa mweupe, akalishikilia lisijifunge.

"M," karani akasema. Akasita. "M ya mahindi."

Nikaandika M. Nikainua kalamu.

"Iko," nikamwambia. "Endelea."